Takataka za Kadutu zitampikia nani?

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, mashariki mwa Kongo, mitaro ya mtaa wa Kadutu inateremsha kila kitu: majani ya lenga-lenga, maganda ya ndizi, chupa, mifuko, kandambili zilizokatika. Sehemu ya mzigo huo inaishia Ziwa Kivu. Plastiki inayoelea inafuata maji hadi bwawa la Ruzizi, inaziba njia za maji yanayozungusha mitambo, na mji unakosa umeme kwa sababu ya uchafu wake wenyewe. Haishangazi basi kwamba wazo la kugeuza takataka kuwa nishati linapendwa sana hapa, na kwamba wengi wakilisikia wanarukia umeme papo hapo.

Mimi nasema umeme ndiyo bidhaa mbaya kuliko zote unazoweza kutoa kwenye takataka za soko letu la Kadutu. Tupige hesabu.

Tani moja ya takataka laini zilizochambuliwa vizuri, yaani mboga zilizonyauka, nyanya zilizooza, maganda ya mihogo na ya ndizi, ikiozeshwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa hutoa gesi inayowaka kati ya mita za ujazo 40 na 70, kutegemea imebeba maji kiasi gani. Tuchukue 50. Ukiitia gesi hiyo kwenye jenereta ndogo, sehemu kubwa ya nguvu yake inapotelea kwenye joto la injini, na mkononi unabaki na umeme wa kilowati-saa 85 hivi. Ugawe kwa saa 24: ni kilowati 3.5. Tani nzima imebebwa migongoni na kuchambuliwa kwa mikono, halafu umeme wake hautoshi kuendesha mota ya kinu kimoja cha mihogo mchana kutwa na usiku kucha. Na jenereta inadai oili, plagi na fundi. Kisheria njia iko wazi, kwani Sheria namba 14/011 ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la serikali, lakini kuvuta nyaya, kufunga mita na kudai bili ni kazi nyingine kabisa, tena ngumu kuliko ya takataka.

Sasa ichome gesi ileile chini ya sufuria. Jiko la gesi hii likiwa zuri hupeleka zaidi ya nusu ya joto lake kwenye chakula, wakati jiko la kawaida la mbabula hupeleka kama robo tu ya joto la makala, yaani makaa, na mengine yote yanapasha ukuta na miguu ya mpishi. Ndiyo sababu mita moja ya ujazo ya gesi inachukua nafasi ya kilo moja na nusu ya makala, wakati mwingine zaidi. Mita zako 50 ni kilo 75 za makala kila siku. Zidisha mwenyewe kwa bei ya gunia ya leo mtaani kwako. Halafu kumbuka kwamba tanuri la udongo la wachoma makala linahitaji kuni kati ya kilo 5 na 10 kwa kila kilo ya makala, na kwamba sehemu ya kuni hizo inatoka kwenye msitu wa Kahuzi-Biega.

Kwa hiyo anayetaka kuingia kwenye biashara hii ajiulize kwanza: nani mjini hapa anapika kila siku, kwa sufuria kubwa, na ananunua makala kwa pesa taslimu? Malewa (mkahawa wa mtaani) ya karibu na soko, shule ya bweni, jiko la hospitali, mpika maandazi, mama wa bugali na sombe anayelisha wabeba mizigo mia kabla ya saa 8 mchana. Familia moja moja zije baadaye. Familia inahitaji mita ya ujazo moja au moja na nusu kwa siku, na kuzifikishia gesi familia 40 zilizotawanyika kwenye mlima wenye ngazi za udongo kutakumaliza pesa za mabomba kabla hujauza chochote.

Lakini tangi lenyewe linafanya nini? Ni jambo rahisi kulieleza, ila limewatoa jasho wengi. Ukifungia uozo mahali pasipo na hewa, vijidudu vinaula kwa zamu. Kundi la kwanza linavunja wanga, mafuta na protini kuwa vipande vidogo. La pili linageuza vipande hivyo kuwa asidi. La mwisho linakula asidi na kutoa methani, gesi inayowaka, ikiwa imechanganyika na kaboni dioksidi. Gesi inayotoka huwa na methani kati ya asilimia 50 na 70. Hata methani iliyolala chini ya Ziwa Kivu, ile inayovutwa upande wa Rwanda kwa mtambo wa umeme wa KivuWatt, sehemu yake ilitengenezwa na vijidudu vya aina hiyohiyo. Tumbo la ng'ombe nalo linafanya kazi hiyo usiku na mchana, na ndiyo maana mbolea mbichi ya ng'ombe ndiyo chachu bora ya kuanzishia tangi: unajaza kama theluthi, unaongeza maji, unasubiri wiki tatu au nne.

Shida ni kwamba kundi la pili lina haraka na la mwisho ni la polepole. Siku ya maparachichi na maembe kuoza kwa wingi, mtu anafurahi kupata mzigo, anautia wote tangini. Watengeneza asidi wanashiba, asidi inapanda kupita uwezo wa walaji wake, na baada ya siku chache jiko linazimika. Tangi linanuka uchachu na gesi inayotoka haiwaki, kwa sababu sehemu kubwa ni kaboni dioksidi. Dawa yake ni kuacha kulisha, kuongeza mbolea ya ng'ombe au majivu kidogo, na kungoja. Mwenye malewa hangoji. Siku hiyohiyo anarudi kwa muuza makala, na kumrudisha ni kazi. Kwa hiyo mlo wa tangi lazima uwe wa kipimo kilekile, mchanganyiko uleule, kila siku. Maganda na matunda yana kaboni nyingi na naitrojeni chache. Mbolea ya kuku na ya nguruwe ni kinyume chake. Ukichanganya hadi kaboni iwe kama mara 20 hadi 30 ya naitrojeni, vijidudu vinatulia. Maganda ya machungwa na malimau yapunguze, mafuta yake yanaviua. Maji ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo yasikaribie kabisa.

Kuna na baridi. Vijidudu hivi vinapenda nyuzi 35 hivi, na Bukavu, juu ya mita 1,460 za ziwa, wastani wake ni kama nyuzi 20. Vitafanya kazi, lakini kwa uvivu. Mahali pa joto takataka zingekaa tangini siku 30. Hapa panga siku 50 au zaidi. Na hilo ndilo linaloamua ukubwa wa tangi. Ukilisha tani moja kwa siku na lita 250 za majimaji ya kulainishia, kwa siku 50 unahitaji tangi la mita za ujazo 65 hivi, bila kuhesabu nafasi ya gesi. Miongozo mingi inasema changanya na maji sawa kwa sawa. Hiyo ni kanuni ya mbolea ya ng'ombe. Mboga za soko tayari ni maji kwa asilimia 80 hadi 90. Ukiziongezea tani nzima ya maji unajenga tangi kubwa zaidi ya mara moja na nusu na kumlipa mchota maji bure. Tumia majimaji yanayotoka upande wa pili wa tangi lenyewe, yana vijidudu tayari.

Si kila takataka inafaa kuingia humo. Chochote kigumu kama mti, mfano vumbi la mbao, magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa ya Idjwi na Kalehe, mabaki ya miwa, maganda ya karanga, kitakaa tangini miezi na kutoka kama kilivyoingia. Hivyo ni vya briketi, yaani makala ya kushindiliwa. Unavichoma ndani ya pipa kwa hewa kidogo hadi viwe vyeusi, unavisaga, unavikanda kwa uji wa unga wa mihogo, unavishindilia kwa mashine ya mkono au ya mota, unavianika. Neno la mwisho ndilo gumu. Hapa mvua zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na briketi mbichi haikauki barazani. Inaota ukungu mweupe, na mteja akiiwasha inafuka moshi mpaka anakufukuza wewe na briketi zako. Asiyekuwa na banda la kuanikia lenye paa angavu na upepo wa kupita ana biashara ya miezi mitatu kwa mwaka. Jingine ni mchanga: takataka zilizofagiliwa chini zinakuja na udongo, na udongo hauchomeki, unageuka majivu yanayouzima moto katikati ya maharagwe.

Briketi ina sifa moja ambayo gesi haina: inabebeka. Gesi ya takataka haiwezi kutiwa kwenye chupa kama ile ya dukani. Gesi ya chupa inageuka maji kwa shinikizo dogo. Methani haikubali, inadai shinikizo kubwa sana, kusafishwa kwanza, na vyombo vya bei mbaya. Kwa hiyo gesi inapikiwa palepale inapozaliwa, au mita chache kutoka hapo. Nikichagua kiwanja ningechagua kilicho chini kidogo ya soko na juu kidogo ya jiko: mzigo ushuke kwa miguu, gesi isafiri mita 50. Milima ya Bukavu kwa mara moja itafanya kazi upande wetu.

Tumefika kwenye sehemu ninayoiona ndiyo biashara yenyewe, na ambayo haionekani kwenye picha za uzinduzi: kuchambua.

Nenda Kadutu saa 11 jioni, mama wa mboga wanapofunga. Mbele ya kila meza kuna lundo. Juu kuna majani ya kabichi na mashina ya lenga-lenga. Ukiingiza mkono unakuta kamba za nailoni, mfuko mweusi, betri ya redio, wembe, vichwa vya samaki, mchanga, na kitambaa. Lundo hilo likiwa bado mezani ni mali. Likishafagiliwa na kuchanganywa na la jirani ni uchafu, na hakuna mashine ya bei yetu itakayolitenganisha tena. Kamba ya nailoni moja inaweza kuziba bomba la kulishia. Betri moja inatia metali za sumu, risasi au kadmiamu, kwenye mbolea utakayomuuzia mkulima. Kuchambua lazima kufanyike kabla ya ufagio, na anayeweza kuifanya kazi hiyo ni mwenye meza peke yake.

Kwa nini afanye? Hotuba ya mazingira itamshika wiki moja. Kinachomshika zaidi ni ndoo. Mpe ndoo yenye mfuniko, ichukue ikiwa imejaa, mrudishie ikiwa imeoshwa, kila jioni, bila kukosa. Akilipa kidogo kwa ajili ya kubebewa, mpunguzie ndoo ikiwa safi, ukikuta plastiki, mwonyeshe mbele ya wenzake kwa heshima: "Mama, leo ndoo imekuja na wageni." Siku ukikosa kupita, anamwaga mtaroni, na ana haki. Mabarabara ya gari hayafiki nyumba nyingi za Kadutu na Bagira. Vijana wenye mabega ndio lori letu. Mshahara wao ndio utakaokuwa gharama kubwa kuliko zote, kubwa kuliko saruji ya tangi, na mradi usioutaja mshahara huo kwenye karatasi ya kwanza siuamini.

Kwa hiyo pesa inaingia kwa milango mitatu: anayelipa ili takataka ziondoke, anayelipa ili apike, na anayelipa kwa mbolea. Mmoja peke yake haubebi mradi. Ada ya uchukuzi inaingia tangu siku ya kwanza, wakati tangi bado linajengwa, na ndiyo inayolisha vijana katika ile miezi miwili ambayo hakuna hata moto wa kuchemshia chai.

Mlango wa tatu ndio unaosahauliwa. Watu hudhani takataka "zinaisha" tangini. Haziishi. Gesi ni sehemu ndogo ya uzito. Ukiingiza tani moja na robo, inatoka zaidi ya tani moja ya uji mweusi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Ukikosa mahali pa kuupeleka, ndani ya wiki moja umeuanzisha mtaro mpya wa uchafu juu ya vichwa vya majirani. Uji huo ni mbolea nzuri, naitrojeni yake iko tayari kwa mmea, na mashamba ya Kabare na Walungu yaliyochoka kwa kulimwa bila kupumzika yanauhitaji. Lakini nani atabeba maji hadi Walungu? Chuja. Majimaji mengine yarudi tangini, mengine yaende bustani za karibu. Yabisi ichanganywe na vumbi la mbao, ilale wiki kadhaa, iuzwe kwa gunia. Kama umetia kinyesi cha watu, utaratibu ni mwingine: joto la nyuzi 20 haliui mayai ya minyoo, na mbolea hiyo isiguse mboga inayoliwa mbichi.

Mfano mzuri uko ng'ambo ya mto Ruzizi, karibu kiasi cha kuonekana. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga matangi makubwa ya chini ya ardhi katika magereza ya Rwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, gereza la Cyangugu likiwamo, na 2005 ikapewa Tuzo ya Ashden ya nishati endelevu. Kuni za majiko ya magereza hayo zilipungua kwa karibu nusu. Ukiangalia kwa nini ilifaa, utaona vyoo, jiko na bustani viko ndani ya ukuta mmoja: malighafi haikosi, mnunuzi hakimbii, mbolea haisafiri. Kwenye briketi, Kampala Jellitone Suppliers ya Uganda, iliyopata tuzo hiyohiyo 2009, ilielekeza bidhaa yake kwa shule na viwanda. Wote wawili walianza na mpishi mkubwa. Wanaotaka umeme waangalie Gorge Farm, Naivasha, Kenya, ambako mtambo wa zaidi ya megawati 2 ulijengwa kuendeshwa kwa mabaki ya shamba kubwa la mboga. Yaani malighafi ya aina moja, kwa mamia ya tani, bila wembe ndani. Sisi hatuna hiyo.

Usalama unastahili mistari michache. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 inalipuka, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti karibu na tangi, na gesi ya kwanza haijaribiwi kwenye bomba la tangi bali jikoni, mwisho wa mpira. Harufu ya yai bovu ni salfidi ya hidrojeni: inakula chuma na kwa wingi inaua mtu. Pitisha gesi kwenye kopo la nyuzi za chuma zilizoshika kutu, inanaswa humo. Na asiingie mtu ndani ya tangi lililofunguliwa, hata kama ni tupu, hata kama ni dakika moja. Moto ukiwa wa buluu, uko sawa. Ukirukaruka na bomba likiguguma, kuna maji yametulia kwenye kona ya chini, yafungulie yatoke.

Kuhusu pesa za hewa ya ukaa, zile zinazolipwa kwa kupunguza gesi zinazopasha dunia, nitakuwa mfupi. Ni kweli methani inayovuja kwenye jalala inapasha dunia mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ikipimwa kwa miaka 100, na kuichoma jikoni ni faida kwa wote. Ila makaratasi ya kuthibitisha tani zako ni ghali na yanachukua muda. Yakija, vizuri. Yasiwekwe kwenye hesabu ya mishahara. Mtaji nao utafute mdogo: tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, AVEC, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ya wanawake kumi na tano wa soko lilelile ni mkopeshaji wa kweli kuliko mwenye jengo. Mfuko mrefu wa plastiki nzito uliolazwa kwenye mtaro, uliofunikwa kwa karatasi angavu ili ushike jua, unaanza na mita chache za ujazo na unaweza kuongezwa wa pili. Kuba la matofali linadumu miaka 20, lakini likipata ufa, fundi wa kuliziba bila gesi kupenya hapatikani kila mtaa.

Na kabla ya kununua hata mpira, pima takataka kwa mizani, kila jioni, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu kitu kimoja kitakushangaza: lundo la Kadutu lina wenyewe tayari. Majani ya kabichi yanachukuliwa na wafuga sungura na simbilisi, maganda ya mihogo na dreshi (masalio ya nafaka) ya kiwanda cha bia yanakwenda kwa nguruwe. Siku ukianza kuchukua ndoo kwa ndoo, utakuwa unamnyang'anya mtu chakula cha mifugo yake, na yeye atalipa zaidi yako, kwa kuwa nyama ina bei kuliko gesi. Mwachie. Fanya naye makubaliano: yeye achukue kilicho kibichi na kizuri, wewe uchukue kilichooza pamoja na mbolea ya banda lake kila asubuhi. Nguruwe amekwisha kukusagia, hana nailoni tumboni mwake kama mfugaji wake ana akili, na mbolea yake ina ile naitrojeni ambayo maganda yako yalikuwa yanaikosa.